Kengele ya Mlimani: Kutembea na Mungu Kila Siku Katika Historia ya Imani ya Uluguru





Majuma machache yaliyopita tulipanda kwenda kigango kimoja cha mlimani kuwapelekea wagonjwa Komunyo Takatifu. Njia ilikuwa na utelezi, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Karibu na kilele cha mteremko tulimwona bibi mmoja akipalilia migomba yake. Ilipogonga saa sita mchana, kengele ya kigango ikalia. Bibi yule akaegemeza jembe, akafanya ishara ya msalaba, midomo yake ikatembea kwa kitambo kifupi akisali Malaika wa Bwana, kisha akaendelea na kazi yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Nasi je? Sisi tuliokuwa tumebeba Sakramenti Kuu kifuani, saa ile tulikuwa tukiwaza mabati ya kigango na deni la saruji. Kengele tuliisikia, lakini haikutufikia. Tuliendelea na safari tukijiuliza swali lililotutoa jasho kuliko ule mlima: kati yetu na bibi yule, ni nani aliyekuwa anatembea na Mungu?

Swali hilo ndilo lililotusukuma kurudi nyuma na kufuatilia historia ya kengele ile. Maana kengele haikuota mlimani kama mti. Ililetwa na watu, kwa njia ndefu, na kwa gharama kubwa. Tukiijua njia yake, huenda tukajua pia kile ambacho ilikusudiwa kutufundisha.

Kabla ya kengele

Tuanze kwa kusema ukweli mmoja ambao mara nyingine husahaulika: Mungu hakufika Uluguru kwa mara ya kwanza pamoja na wamisionari. Wazee wetu Waluguru walimjua Mulungu, Muumba wa vyote. Jina hilo lilikuwa kinywani mwao kabla ya padre yeyote kukanyaga Bara. Lakini katika mahangaiko ya kila siku, yaani mvua inapokawia, mtoto anapougua, mavuno yanapoharibika, waliwaendea zaidi wahenga wa ukoo. Ukoo, unaohesabiwa upande wa mama, ndio ulioshika ardhi na ndio ulioshika matambiko. Aidha, upande wa mashariki ya milima, katika nchi ya Matombo, lilikuwapo pango la Kolelo, ambako watu walitoka mbali kwenda kuomba mvua na rutuba ya mashamba.

Tusilitazame jambo hilo kwa dharau. Ndani yake mna hekima: watu wale hawakuamini kwamba kuna siku hata moja ya maisha isiyohusiana na ulimwengu usioonekana. Kupanda, kuvuna, kuzaa na kuzika, vyote vilikuwa na sala yake. Kilichokosekana si dini ya kila siku. Kilichokosekana ni habari kwamba Mulungu mwenyewe, aliye juu ya wahenga wote, amekuja karibu kuliko wahenga. Kwamba alichukua mwili tumboni mwa Bikira, akakaa katika nyumba ya fundi seremala, akala, akachoka, akalia. Habari hiyo ndiyo hasa inayokumbukwa katika sala ya Malaika wa Bwana, asubuhi, mchana na jioni.

Mtu ambaye hakuiona Afrika

Njia ya kengele yetu inaanzia mbali, katika mji wa Saverne, jimbo la Alsace nchini Ufaransa. Huko mwaka 1802 alizaliwa mtoto wa rabi wa Kiyahudi, ambaye baba yake alitumaini kwamba naye atakuwa rabi. Badala yake kijana huyo alibatizwa mjini Paris mkesha wa Noeli wa mwaka 1826, akaitwa François Marie Paul Libermann. Alitamani upadre, lakini alipokaribia daraja takatifu alishikwa na kifafa, na sheria ya Kanisa ya wakati ule haikumruhusu kuendelea. Alingoja miaka mingi, akiishi seminarini bila cheo, akifanya kazi ndogondogo na kuwashauri wenzake katika mambo ya roho. Hatimaye alipewa upadre mwaka 1841.

Mwaka huohuo alianzisha shirika la Moyo Mtakatifu wa Maria kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Mwaka 1848 shirika hilo liliunganishwa na Shirika la Roho Mtakatifu, lililokuwa limeanzishwa na Claude Poullart des Places mwaka 1703. Libermann akawa mkuu wake hadi alipofariki tarehe 2 Februari 1852. Yeye mwenyewe hakukanyaga Afrika hata siku moja. Lakini aliwatuma wanawe, na wengi wa wale wa kwanza walikufa kwa homa muda mfupi tu baada ya kufika pwani ya Afrika Magharibi.

Katika miaka yake ya mwisho Libermann aliwafundisha wamisionari wake jambo aliloliita muungano wa kivitendo na Mungu. Alijua kwamba hawataishi kama wamonaki. Watajenga, watalima, watasafiri, watatibu, watagombana na mabaharia na maofisa. Je, watakuwa watu wa sala asubuhi tu, na mchana kutwa watu wa dunia? Jibu lake lilikuwa kwamba mtu aliyejikana nafsi anaweza kubaki na Mungu ndani ya kazi yenyewe. Hakimbii kazi ili asali, wala haachi sala ili afanye kazi. Moyo wake umetulia kwa Mungu, na mikono yake inafuata. Hata hivyo hakuifuta saa ya ukimya. Alijua kwamba asiyekaa na Mungu peke yake kwa muda fulani, hataweza kukaa naye sokoni.

Fundisho hili lilikuwa na ndugu yake wa zamani. Katika karne ya 17, bruda mmoja Mkarmeli huko Paris, Ndugu Lorenzo wa Ufufuko, aliyekufa mwaka 1691, alijulikana kwa kuwa karibu na Mungu katikati ya sufuria za jikoni sawa na mbele ya altare. Na kabla yao wote Mtume Paulo alikwisha kuwaagiza Wathesalonike wasali bila kukoma, ilhali yeye mwenyewe alikuwa fundi wa mahema anayeshinda na sindano mkononi.

Kengele yenye sauti mbili

Mwaka 1860 Padre Armand Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion pamoja na mapadre na masista wachache. Mwaka 1863 Mapadre wa Roho Mtakatifu, wana wa Libermann, walipokea misheni hiyo wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Mwaka 1868 walivuka bahari na kuanzisha misheni ya Bagamoyo. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873.

Wamisionari waliwakomboa watumwa, hasa watoto, wakiwanunua kwa fedha za sadaka kutoka Ulaya, na wengine walikabidhiwa baada ya kunaswa na meli za doria. Kwa ajili yao walijenga shule, karakana, mashamba na kijiji cha Kikristo. Kengele ilitawala siku nzima: kuamka, sala, kazi, chakula, sala, kulala.

Hapa, ndugu wapendwa, hatuna budi kusimama. Mtoto aliyetekwa Bara, akafungwa kamba, akatembezwa hadi pwani, akauzwa na kisha kununuliwa na padre, je, aliisikiaje kengele ile? Alikuwa amepata chakula, nguo na usalama. Lakini hakuwa amechagua kuwa pale. Aliamriwa lini alime na lini asali, na alipokua, hata ndoa yake ilipangwa na misheni. Tusipokubali kwamba jambo hili lilikuwa na uzito, hatutendi haki kwa wale waliolipitia. Kengele ilikuwa na sauti mbili: moja ya Mungu anayeita, na nyingine ya bwana mpya anayeamuru. Wengine walisikia ile ya pili tu, na kulikuwa na waliotoroka.

Wengine, hata hivyo, waliisikia ile ya kwanza. Kwa sababu gani? Hatuwezi kuingia mioyoni mwao. Lakini tunaweza kutazama kile walichokiona. Waliwaona wageni wakifa. Yeyote aendaye Bagamoyo leo akaingia katika makaburi ya wamisionari atasoma umri wa waliozikwa pale, na ataona jinsi walivyokuwa vijana. Mtoto yule aliona kwamba wale waliomwamuru kusali walisali wenyewe, wakalima, wakaugua na wakazikwa katika udongo uleule. Bwana wa watumwa hafi pamoja na mtumwa wake.

Kupanda milimani

Kutoka Bagamoyo imani ilianza kwenda Bara. Mwaka 1877 ilianzishwa misheni ya Mhonda katika milima ya Nguru, na mwaka 1882 misheni ya Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Mwaka 1897 ilifuata misheni ya Matombo, ng'ambo ya pili ya milima, si mbali na nchi ya Kolelo.

Tunapenda kutaja majina ya mapadre tunaposimulia historia hii. Lakini huko Mhonda mapadre hawakwenda peke yao. Walikwenda pamoja na familia changa za Wakristo waliolelewa Bagamoyo, wale waliokuwa watoto wa utumwani. Wao ndio waliojenga vibanda vya kwanza na kulima mashamba ya kwanza. Wenyeji waliotaka kujua Ukristo ni kitu gani hawakuusoma kwanza katika katekisimu. Waliutazama katika nyumba hizo: mume anavyomtendea mkewe, wanavyoamka, wanavyokula, wanavyomzika mtoto wao. Majina ya wengi wao hatunayo vinywani, ingawa Mungu anayo. Watu waliouzwa kama bidhaa walirudi Bara kama mashahidi. Ndugu msomaji, ukitafuta muujiza katika historia ya jimbo letu, anzia hapo.

Mwaka 1906 iliundwa Vikarieti ya Kitume ya Bagamoyo chini ya Askofu François-Xavier Vogt. Mbegu iliendelea kuota. Ndipo ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Kiingereza yakaingia mjini Morogoro. Katika miaka ile, katika sehemu nyingi za nchi yetu, mapadre walikuwa wachache au hawakuwapo kabisa. Misa zilikuwa haba. Watu wakabaki na nini? Wakabaki na mwalimu, yaani katekista. Wakabaki na rozari, na ubatizo wa dharura, na maombi kitandani kwa mgonjwa, na kengele, au pale isipokuwapo, kipande cha chuma kilichoning'inizwa mtini.

Wakati huo ndio uliopima fundisho la Libermann. Imani iliyotegemea kuwapo kwa padre ingekufa pamoja na kuondoka kwake. Imani iliyokwisha kuingia jikoni na shambani ilibaki hai. Padre aliporudi, alikuta Wakristo.

Jembe na haki

Tusidhani kwamba kutembea na Mungu kila siku ni kufumba macho mbele ya mambo ya dunia. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kusudi lilionekana jema, lakini kazi ilikuwa nzito, mavuno hayakuongezeka kama ilivyoahidiwa, na watu hawakushirikishwa vya kutosha. Mwaka 1955 huko Matombo wananchi wakapinga, risasi zikafyatuliwa, na mtu akapoteza maisha.

Ardhi ile ndiyo waliyoilima wakristo wa Matombo, ndugu zao Waislamu, na wale waliobaki katika desturi za wazee, mara nyingi watu wa ukoo mmoja. Kwao swali la Mungu na swali la shamba halikuwa maswali mawili. Aliyesali alfajiri alichukua jembe lilelile lililokuwa limegeuzwa kuwa mzigo. Mungu aliyesikia kilio cha Waisraeli katika matofali ya Misri hawezi kuwa mgeni katika matuta ya Uluguru. Kwa hiyo anayesema anaishi karibu na Mungu, lakini hajali kama jirani yake ameonewa, anaishi karibu na sanamu aliyoichonga mwenyewe.

Kutoka misheni hadi nyumbani

Tarehe 25 Machi 1953, siku ya sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria, Morogoro ilifanywa kuwa jimbo. Mpango wa kalenda au wa Mungu, siku hiyo ni siku ya Malaika wa Bwana, siku ya kengele yetu. Mwaka 1966 Adriani Mkoba akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa jimbo hili.

Katikati ya miaka hiyo ulifanyika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kuanzia 1962 hadi 1965. Mtaguso ulifundisha waziwazi kwamba utakatifu si mali ya mapadre na watawa peke yao. Kila mbatizwa ameitwa kuufikia, katika hali yake na kazi yake. Misa ikaadhimishwa kwa Kiswahili, na bibi wa mlimani akaweza kuelewa kwa masikio yake kile alichokuwa akikifuata kwa moyo.

Kisha mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, waliazimia kwamba Jumuiya Ndogondogo za Kikristo ziwe msingi wa uchungaji. Kanisa likahama kutoka misheni kwenda nyumbani. Familia chache za jirani hukusanyika, husoma Injili ya Jumapili, huulizana neno limewagusa wapi, hutembelea mgonjwa, huchangia msiba. Kile ambacho familia za Mhonda zilifanya kwa kuwa hazikuwa na kingine, sasa kilikuwa mpango wa Kanisa zima.

Tuseme kweli pia: katika baadhi ya jumuiya zetu mkutano umegeuka kuwa wa kukusanya michango. Injili husomwa haraka ili daftari lifunguliwe. Hapo tumerudisha ile sauti ya pili ya kengele, sauti ya bwana anayedai. Sisi wachungaji tunabeba sehemu kubwa ya lawama hiyo. Tunapowauliza viongozi wa jumuiya, tunauliza kwanza habari ya fedha, kisha habari ya sala. Watu hujifunza kutokana na mpangilio wa maswali yetu.

Tufanye nini basi?

Historia hii inatuachia mambo matatu yaliyo mepesi kuyasema.

Kwanza, tuwe na vituo katika siku. Kengele ilikuwa kituo. Leo wengi wetu hatuisikii kwa sababu ya kelele za mji, lakini kila mmoja ana simu inayolia mara mia kwa siku. Aliye dereva wa bodaboda pale stendi anaweza kufanya ishara ya msalaba kabla ya kuwasha pikipiki. Mama anayeshusha mboga za Mgeta sokoni anaweza kumkabidhi Mungu tenga la kwanza. Sala ya nusu dakika, ikisaliwa kwa uaminifu, hushona siku nzima.

Pili, tulinde saa moja ya ukimya, hata kama ni robo saa. Bila hiyo vituo vyetu vitakuwa mazoea ya mikono tu. Mto Ruvu hunywesha watu wengi hadi Dar es Salaam, lakini huanzia katika misitu ya milima hii ambako hakuna makelele. Ukikata msitu, bomba la mjini litakauka. Ndivyo ilivyo kwa roho isiyo na mahali pa faragha.

Tatu, tumtafute Mungu katika kazi iliyopo mbele yetu, si katika ile tunayoitamani. Libermann alingoja upadre zaidi ya miaka kumi akifagia na kutumwa. Hakungoja upadre ndipo aanze kuishi na Mungu.

Tulipokuwa tukirudi kutoka kwa wagonjwa siku ile, tulimkuta bibi yule bado yuko shambani. Tukamwamkia, “Shikamoo, bibi.” Akaitika, “Marahaba, baba. Tumsifu Yesu Kristo.” Tukamwambia kwamba tulimwona akisali kengele ilipolia, na kwamba alitupa mfano mwema. Akacheka kidogo, akatukatia chane ya ndizi, akasema: “Kengele inanikumbusha saa tu, baba. Yeye naongea naye tangu nilipowasha moto asubuhi.”

Tuliteremka na chane ile begani. Deni la saruji lilikuwa palepale, na mabati pia. Lakini tulipofika kwenye kijito tulisimama, na safari hii tukayakabidhi kwa Yule aliyekuwa akisafiri nasi tangu asubuhi bila sisi kumsemesha. Wafuasi wawili wa Emau nao walitembea naye njia nzima wakizungumza juu ya shida zao, wasimtambue hadi alipoumega mkate.

Ee Mungu wa wazee wetu na wa watoto wetu, uliyetembea na waliokombolewa kutoka Bagamoyo hadi milimani, utufungue masikio tusikie sauti yako katika kazi ya leo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.